Andika Igisoro Kwanza, Klasi Zitakuja

Kuna fundisho limeota mizizi katika madarasa ya kompyuta ya Kigali, na linarudiwa kama kanuni isiyojadiliwa: mwanafunzi ajifunze klasi kwanza (violezo vya kuundia vitu ndani ya programu), kurithi kwanza, michoro ya visanduku na mishale kwanza, na mchezo, hata uwe mdogo namna gani, ungoje msingi ukamilike. Fundisho hilo lina pacha wake: kwamba msimbo mzuri ni ule ulioandikwa tangu mstari wa kwanza kwa nia ya kutumika tena kwingine. Kijana anayeandika mchezo wake moja kwa moja, kwa orodha mbili za namba na fanksheni chache, anaonywa kwamba anajijengea tabia mbaya. Mimi nasema mafundisho yote mawili yamewekwa kichwa chini miguu juu. Msimbo unaotumika tena hupatikana baada ya mtu kuandika mchezo wa kwanza, wa pili na wa tatu. Na klasi humwingia akilini yule aliyekwisha kuumwa na maradhi ambayo klasi ilibuniwa kuyatibu.

Gisozi, kimojawapo cha vilima vya Kigali, ni mahali panapofaa kulizungumzia jambo hili. Wageni wengi hufika hapa kwa ajili ya Kumbukumbu ya Mauaji ya Kimbari, iliyofunguliwa mwaka 2004. Wenyeji wanakijua kilima hiki pia kwa mambo mawili mengine: ULK, chuo kikuu binafsi kilichoanzishwa mwaka 1996, ambacho sayansi ya kompyuta ni mojawapo ya masomo yake, na Agakiriro, karakana na maduka ya mbao, vyuma na samani, ambako kelele za misumeno hazikatiki mchana kutwa. Vijana wanaosomea programu na mafundi wanaosomea kazi za mikono wanapishana njia moja kila siku. Fundisho ninalolipinga si la chuo kimoja wala la mwalimu mmoja. Utalikuta vyuoni, katika kozi za jioni, na katika video zinazotazamwa na vijana wa Nairobi, Dar es Salaam na Kampala sawasawa na wa hapa.

Tuanze na mnyama, maana ndiko wanakoanzia wote. Karibu kila anayefundishwa somo hili hupewa mfano uleule: klasi Mnyama, chini yake Mbwa na Paka. Wote wanarithi fanksheni ya kutoa sauti. Mbwa anabweka, paka analia nyau. Mwanafunzi anaunakili, anaufaulu mtihani, anausahau. Kasoro ya mfano huo ni kwamba hakuna mtu duniani anayehitaji programu hiyo. Hauna tatizo ndani yake, kwa hiyo hauwezi kumwonyesha mtu kwamba kuna kitu kimetatuliwa. Mwanafunzi anajifunza namna ya kupanga maneno katika ngazi, anaondoka akidhani kwamba kupanga maneno katika ngazi ndiyo kazi ya mwandishi wa programu.

Mpe sasa kijana huyohuyo kazi ya kuandika igisoro. Mchezo wenyewe hauhitaji utangulizi kwa Mnyarwanda, na jirani zake wanao ndugu zake: omweso wa Uganda, bao la pwani na visiwani. Ubao una mistari minne yenye mashimo manane kila mmoja, mashimo 32 kwa jumla, na kete 64. Kila mchezaji ana mistari miwili ya upande wake. Anachota kete za shimo moja na kuzipanda mojamoja akizunguka mashimo yake 16. Kete ya mwisho ikiangukia shimo tupu, zamu imekwisha. Ikiangukia shimo la mstari wa mbele lenye kete, na mashimo yote mawili ya mpinzani yanayolikabili yana kete, anazila zote na kuzipanda upya kuanzia pale alipoanzia safari ile. Kama sharti hilo halikutimia, anazichota zilizomo na kuendelea. Kuna pia baadhi ya mashimo yanayomruhusu mtu kurudi nyuma ili ale, lakini hayo tuyaache kwa sasa.

Kijana aliyelelewa na fundisho linalotawala haanzi na kete. Anaanza na mchoro. Juu kabisa kuna klasi Mchezo. Chini yake MchezoWaUbao. Chini yake MchezoWaMashimo. Chini yake Igisoro. Pembeni kuna Mchezaji na watoto wake wawili, MchezajiMtu na MchezajiKompyuta. Shimo ni klasi. Kete nayo ni klasi, kwa hiyo kumbukumbu ya kompyuta ina obujekti 64, moja kwa kila kete, zisizo na tofauti yoyote baina yao. Wiki inapita, folda imejaa mafaili, na hakuna hata kete moja iliyosogea kwenye skrini. Ukimwuliza MchezoWaUbao inafanya kazi gani, atakujibu kwamba siku moja ataandika drafti.

Hebu tuitazame kazi yenyewe kwa karibu, tuone ugumu wake uko wapi. Kila mchezaji apewe orodha ya namba 16. Mashimo ya mstari wa nyuma, kutoka kushoto kwake kwenda kulia, yawe namba 0 hadi 7. Kisha mstari wa mbele urudi kutoka kulia kwenda kushoto, namba 8 hadi 15. Kusogea shimo moja ni kuongeza 1, na ukifika 16 unarudi 0. Mpaka hapo ni rahisi. Kazi iko kwenye kula. Shimo langu la mbele namba i linakabiliana na mashimo yapi ya mpinzani, ilhali naye ameanza kuyahesabu ya kwake kutoka kushoto kwake, ambako ni kulia kwangu? Chora kwenye karatasi, hesabu kwa kidole, utaona: la mbele ni 23 toa i, la nyuma ni i toa 8. Shimo langu namba 8, lililo mwisho wa kulia, linatazamana na namba 15 yake, na nyuma ya hiyo kuna namba 0 yake. Hesabu hizo mbili fupi ndizo roho ya igisoro ndani ya kompyuta. Anayezikosea anakula kete za shimo lisilohusika, na mchezo utaonekana mzima kwa zamu kadhaa kabla mtu hajashtuka. Hakuna klasi, kurithi wala mchoro utakaomletea jibu hilo. Litamjia kwa karatasi na kidole, na pale atakapolipata atakuwa ameelewa mchezo kuliko alivyouelewa miaka yote aliyoucheza.

Programu hiyo ya kwanza itakuwa mbaya. Msimbo wa kuchora ubao utachanganyika na msimbo wa kula. Namba 16 itakuwa imeandikwa kila mahali. Vigeu vitaitwa a na b. Sawa. Inacheza.

Sasa mwambie aandike bao. Kwa kuwa kete ni 64 vilevile na mashimo 32 vilevile, atafanya kile ambacho kila mtu hukifanya akiachwa huru: atanakili faili la igisoro, abadilishe jina, aanze kurekebisha. Ndani ya saa ya kwanza atagundua kwamba mambo aliyoyaona ni ya kawaida hayakuwa ya kawaida. Katika igisoro kete zote ziko ubaoni tangu mwanzo. Katika bao kila mchezaji anaanza na kete kumi ubaoni na 22 ghalani, na hatua ya kunamua inaziingiza mojamoja. Katika igisoro aliyoiandika mwendo ulikuwa upande mmoja. Bao linataka pande zote mbili. Kule huliwa shimo la mbele na la nyuma. Huku huliwa la mbele tu. Kule kete zilizoliwa zilipandwa kuanzia mwanzo wa safari. Huku zinaanzia kichwani, yaani shimo la mwisho wa mstari wa mbele. Kule, tukiacha yale ya kurudi nyuma, mashimo yote yalikuwa sawa. Huku kuna nyumba, yenye haki zake peke yake.

Fikiria sasa ile klasi MchezoWaMashimo iliyojengwa kabla ya mchezo wowote kuandikwa. Mwenye kuijenga alikuwa ameona mchezo mmoja. Alichokiita cha jumla kilikuwa igisoro iliyovaa kanzu. Bao likija, ama ataibomoa, ama ataijaza masharti ya “kama ni bao fanya hivi”, mpaka klasi mama ijue habari za kila mtoto wake, na hapo maana yote ya kuwa mama imekwisha. Hilo la pili ndilo hutokea mara nyingi, kwa kuwa mtu huona uchungu kubomoa kile alichokipamba.

Mwambie aandike na wa tatu, oware ya Ghana: mashimo 12, kete 48, na duara moja linalopita pande zote mbili badala ya kila mchezaji kuwa na duara lake. Baada ya hapo weka mafaili matatu mezani na umwulize: ni nini hakikubadilika? Atakuonyesha kitu kidogo sana. Kuna duara la mashimo lenye urefu fulani. Unachota kete mahali fulani, unazipanda kuelekea upande fulani, na unataka kujua ya mwisho imeangukia wapi. Fanksheni moja, mistari isiyofika kumi. Hicho ndicho kilichotumika tena. Kula hakukutumika tena, kuanza hakukutumika tena, kushinda hakukutumika tena. Nani angelijua hilo kabla ya kuandika michezo mitatu? Hata mwalimu asingelijua, ila kama naye aliwahi kuiandika.

Na hapohapo obujekti inapata kazi ya kweli. Katika michezo yote mitatu kuna sharti lisilovunjwa: ukijumlisha za ubaoni, za ghalani na zilizoliwa zikatoka, kete hazipungui wala haziongezeki. Ni 64, 64 na 48. Kijana aliyeziacha orodha zake wazi, zikiguswa na kila fanksheni, amekwisha kukesha akitafuta kete iliyopotea. Mtu huyo ukimwambia kwamba kuna namna ya kufunga orodha ndani ya klasi, ili mlango wa kuingilia uwe mmoja na hesabu ikaguliwe mlangoni, hatakuomba mfano wa mbwa na paka. Ataipokea klasi kwa mikono miwili.

Wanaodhani ninawatetea wavivu washuke Agakiriro. Fundi wa viti ana vipande vya plaiwudi vilivyokatwa kwa umbo la mguu, la mkono, la mgongo. Anavibandika juu ya ubao, anapiga mstari, anakata, na viti vyake vyote vinatoka sawa. Huko ni kutumia tena kwa maana halisi ya neno. Lakini hakuna fundi aliyeanza maisha yake kwa kukata violezo vya viti ambavyo hajawahi kuvitengeneza. Kiolezo hukatwa kutoka kwenye kiti kilichokaliwa, kikasifiwa, na kuagizwa tena na mteja wa pili na wa tatu.

Watu walioanzisha mtindo huu wa klasi na obujekti wenyewe walikwenda njia hiyo. Ole-Johan Dahl na Kristen Nygaard, Wanorwei wa Oslo, walikuwa na lugha yao ya kwanza ya Simula ikifanya kazi mwaka 1965, wakiitumia kuiga mienendo ya mambo halisi kama foleni na shughuli za viwandani. Waliona programu zao zinarudia sifa zilezile katika vitu tofauti, na kutokana na kurudia huko wazo la klasi na kurithi likaingia katika Simula 67. Kurithi kwenyewe kulivunwa kutoka kwenye programu zilizokwisha kuandikwa. Leo tunawapa wanafunzi mavuno tukiwanyima shamba, kisha tunashangaa hawajui kulima.

Alan Kay, aliyeongoza kundi la lugha ya Smalltalk katika maabara ya Xerox PARC, California, kuanzia mwaka 1972, ndiye baba wa jina la mtindo huu wa obujekti. Mwaka 1998 aliandika kwamba anajuta kuupa jina la obujekti, kwa sababu liliwafanya watu washughulike na jambo dogo na kuliacha kubwa, ambalo kwake lilikuwa namna vitu vinavyotumiana ujumbe. Na alipotaka kuwafundisha watoto, hakuanza na ngazi za klasi. Yeye na wenzake walitengeneza Etoys, ambamo mtoto anachora gari, analiambia liende mbele, kisha analipa usukani. Rwanda inaijua programu hiyo hata kama imeisahau: laptopu ndogo za XO zilizoanza kuja nchini mwaka 2008, na hatimaye kufika zaidi ya 200,000, zilikuwa na Etoys ndani yake. Etoys imeandikwa juu ya Squeak, ambayo ni Smalltalk. Kwa maneno mengine, mtoto wa shule ya msingi alikuwa na urithi wa Kay mapajani, akicheza kwanza na kuelewa baadaye. Kaka yake wa chuo kikuu anapewa kinyume chake, aelewe kwanza na kucheza baadaye, na mara nyingi hiyo baadaye haifiki.

Nakuja kwenye hoja ya gharama, maana watetezi wa msimbo wa jumla hupenda kusema kwamba unaokoa muda. Fred Brooks, aliyesimamia programu kubwa za IBM, alikadiria katika kitabu chake cha mwaka 1975 kwamba kuigeuza programu inayofanya kazi kwa mwenyewe kuwa bidhaa ya jumla, iliyojaribiwa na yenye maelezo ili wengine waitumie, hugharimu angalau mara tatu. Mara tatu! Kampuni yenye wateja inaweza kuilipa gharama hiyo na ikarudishiwa. Mwanafunzi mwenye muhula mmoja, anayegawana kompyuta ya maabara na mwenzake, atailipa kwa kutomaliza. Na mteja wa pili wa msimbo wake, yule wa “siku moja”, hajawahi kubisha hodi.

Kutumia tena si baraka hata kwa wakubwa, kama hujui ulichokibeba. Tarehe 4 Juni 1996 roketi ya Ulaya, Ariane 5, iliruka kwa mara ya kwanza na kuharibika angani sekunde zisizofika 40 baadaye. Programu ya kifaa chake cha kupima mwendo ilikuwa imechukuliwa kutoka Ariane 4, ambako ilifanya kazi bila kasoro. Ariane 5 ilikuwa na kasi zaidi. Namba moja ikakua kupita nafasi ya biti 16 iliyotengewa, mfumo ukazima. Msimbo haukuharibika. Ulichukuliwa pamoja na dhana zake, na dhana zilikuwa za roketi nyingine. Ni ugonjwa uleule wa igisoro kupelekwa kwenye bao, ila hapa hasara ilikuwa roketi nzima.

Najua majibu yanayokuja. La kwanza: “Mbona dunia nzima inatumia injini za michezo, na injini ni msimbo wa kutumika tena?” Kweli, na ukitaka kutumia Unity au Godot, tumia. Ila uliza zilitoka wapi. Mwaka 1987 kampuni ya Lucasfilm Games ilitoa mchezo wa Maniac Mansion. Zana zilizotengenezwa kwa ajili yake zikaitwa SCUMM, na herufi mbili za mwisho za jina hilo ni za mchezo huo mmoja. Baadaye zana hizohizo zilibeba Monkey Island ya mwaka 1990 na mingine mingi. Quake ulikuwa mchezo mwaka 1996. Kampuni ya Valve ikaichukua injini yake, ikaibadilisha sana, ikatoa Half-Life mwaka 1998. Godot ilitumika miaka kadhaa ndani ya kazi za kulipwa za studio za Argentina kabla ya kufunguliwa kwa umma mwaka 2014. Injini hizo zote zilizaliwa kutoka kwenye kazi iliyokuwa na tarehe ya kukabidhiwa. Na kuna jambo jingine: Unity haimpangi adui wa mchezo wako katika ngazi ndefu ya kurithi, inampa vipande, kimoja cha mwendo, kimoja cha picha, kimoja cha kugongana, ukaviunganisha upendavyo. Hata kile kitabu maarufu cha mifumo ya usanifu cha mwaka 1994, cha Gamma na wenzake watatu, ambacho walimu wetu hukinukuu, kinashauri kuunganisha vipande kabla ya kukimbilia kurithi. Anayefundisha Mnyama na Mbwa leo anafundisha sehemu ambayo fani yenyewe imekwisha kuitilia shaka.

Jibu la pili ni la tabia: “Akizoea kuandika hovyo hataacha.” Nauliza: tangu lini mtu huacha uhovyo kwa kukatazwa kabla hajauona? Anayenakili faili lake la igisoro na kulifanya bao, kisha akakuta kosa la hesabu ambalo sasa lazima alisahihishe sehemu mbili, amepata somo ambalo mhadhara hauwezi kulitoa. Martin Fowler, katika kitabu chake cha mwaka 1999 kuhusu kuusafisha msimbo, aliieneza kanuni ya mara tatu: mara ya kwanza andika, mara ya pili vumilia kurudia, mara ya tatu safisha. Hiyo ni nidhamu. Nakubali kabisa kwamba anayenakili mara ya nne bila kusafisha anastahili kukaripiwa. Lakini anayejenga ghorofa nne za klasi juu ya mchezo usiokuwepo naye ana tabia mbaya, na ya kwake ni ngumu kutibika, kwa kuwa inapewa alama za juu.

Jibu la tatu ndilo lenye uzito, kwa sababu linagusa mkate: soko la ajira. Waajiri wanauliza nguzo nne za mtindo wa obujekti katika usaili, na mifumo mingi ya mabenki na serikali imeandikwa kwa Java, lugha ya mwaka 1995 ambayo kwa miaka mingi haikukuruhusu kuandika programu hata ndogo bila kutangaza klasi. Sibishi. Mwanafunzi azijue nguzo hizo. Lakini kuzikariri ni kazi ya jioni moja, na mwajiri makini anajua hivyo. Siku ya kwanza kazini kijana hatapewa ukurasa mtupu aupambe kwa michoro. Atapewa msimbo wa mtu mwingine, wa miaka, na kuambiwa abadilishe jambo moja bila kuharibu mengine. Aliyewahi kulitoa duara moja kutoka kwenye michezo mitatu ameifanya kazi hiyo. Aliyechora Mnyama hajaifanya.

Ukanda wetu una ushahidi wake. Mkenya Wesley Kirinya alitoa mchezo wake, The Adventures of Nyangi, mwaka 2007. Kampuni ya Leti Arts, aliyoianzisha pamoja na Eyram Tawia wa Ghana, ilikuja mwaka 2009, mchezo ukiwa umetangulia. Lual Mayen, kijana wa Sudan Kusini aliyelelewa katika kambi ya wakimbizi kaskazini mwa Uganda, alipata laptopu ambayo mama yake aliiwekea akiba miaka mitatu, na alikuwa akitembea kama saa tatu kwenda kuichaji. Alijifundisha mwenyewe na kuandika mchezo wa amani aliouita Salaam. Mtu anayetembea saa tatu kutafuta umeme hawezi kuutumia umeme huo kuandika klasi za “siku moja”. Anaandika mchezo.

Sisemi mtindo wa obujekti ufutwe kwenye mitaala. Nasema ubadilishiwe nafasi na upewe kazi. Muhula uanze na igisoro kwa orodha tupu za namba, hata kama msimbo utamkera mwalimu. Ufuate bao, kwa kunakili waziwazi bila aibu. Ufuate wa tatu, oware au mwingine wowote ambao darasa linaujua. Kisha mafaili matatu yawekwe pamoja, na wanafunzi wenyewe watenge kilichobaki vilevile na kilichobadilika. Siku hiyo, na si kabla, mwalimu aandike neno klasi ubaoni. Litaeleweka kwa dakika chache, maana kila aliyemo darasani atakuwa na kidonda chake.

Mtihani nao ubadilike. Uache kuuliza fasili ya kurithi. Mwanafunzi aje na mchezo wake unaocheza, apewe sheria mpya palepale: ubao wa mashimo kumi badala ya manane, au kula kuruhusiwe mara moja tu kwa zamu. Ahesabiwe muda, na ihesabiwe mistari aliyoigusa. Mwenye msimbo mzuri ataonekana bila kujieleza, na mwenye mchoro mzuri usio na mchezo naye ataonekana.

Rwanda imetumia fedha nyingi kwenye elimu ya kompyuta, kuanzia XO za mwaka 2008 hadi Rwanda Coding Academy iliyofunguliwa Nyabihu mwaka 2019. Kinachokosekana ni mpangilio wa somo, na mpangilio hauombewi bajeti. Mwalimu anaweza kuubadilisha Jumatatu ijayo. Na wewe kijana wa Gisozi unayesoma haya ukiwa na mchoro wa klasi kumi na mbili na mchezo usiocheza, usiandikie mate na wino ungalipo: fungua faili jipya, andika namba 16 mara mbili, na usogeze kete.